Simu Kwenye Skopu: Kumpiga Picha Ndege Bila Kumfukuza

Swali ninaloulizwa zaidi na wageni ninaowatembeza Mida, kwenye pwani ya Kenya, ni hili: picha hii kweli umeipiga kwa simu? Wananionyesha za kwao, ndege ni doa jeupe katikati ya matope. Wakitazama yangu, ndege yuleyule amejaa kioo kizima, na tope lililogandia mdomoni mwake linaonekana. Simu zetu mara nyingi ni za aina moja. Tofauti ni kwamba ya kwangu ilikuwa imeegemezwa kwenye skopu.

Skopu ni darubini ya jicho moja inayokaa juu ya stendi ya miguu mitatu. Darubini tuliyoizoea, ile ya macho mawili inayoning'inia shingoni, hukuza mara 8 au 10. Skopu hukuza mara 20 hadi 60. Ilitengenezwa kwa ajili ya kutazama tu. Lakini ukiliweka jicho la kamera pale ambapo ungeweka jicho lako, kamera nayo itaona unachokiona wewe. Basi ni hilo tu. Yanayobaki ni maarifa ya kulifanya vizuri, na maarifa hayo hayahitaji fedha nyingi.

Anayetajwa sana kuwa ndiye aliyeufungua mlango huu ni Laurence Poh, mpenzi wa ndege wa Malaysia, ambaye mwaka 1999 aliishika kamera ndogo ya Nikon Coolpix 950 mbele ya skopu na kupata picha zilizowashangaza wenzake. Kamera ile ilikuwa na pikseli milioni 2 tu. Simu ya kawaida siku hizi inaizidi mara kadhaa. Ila ilikuwa na sifa mbili zilizoifaa kazi. Lenzi yake ilikuwa ndogo, na ilipovuta picha karibu haikuchomoza nje, vioo vilisogea ndani kwa ndani. Kwa hiyo mtu aliweza kuisogeza hadi kwenye kioo cha skopu bila kugongana nacho. Kamera kubwa zenye lenzi pana zilishindwa mahali ambapo ile ndogo ilifaulu, na simu ya leo inafaulu kwa sababu hiyohiyo: jicho lake ni dogo.

Mida ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu kusini mwa Watamu, Kaunti ya Kilifi. Pembeni kuna mikoko, katikati kuna matope na mchanga, na ng'ambo ya barabara ya Mombasa na Malindi umesimama msitu wa Arabuko-Sokoke. Kuna daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko, na mwisho wake kuna kibanda cha kujificha na kutazama ndege. Ada anayolipa mgeni kulivuka daraja hilo inachangia karo za wanafunzi wa sekondari kutoka vijiji vilivyo kandokando ya msitu. Pale kibandani ndipo ninapofanyia kazi hii, na pale ndipo nilipoelewa kwamba umbali si adui wa mpiga picha.

Mfikirie ndege mla kaa, ambaye wataalamu humwita Dromas ardeola. Ni mweupe pe, mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mweusi mnene. Katika ukoo wake yuko peke yake duniani. Huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya upande wa Bahari ya Arabu, Ghuba na Bahari ya Shamu, Oman ikiwemo, na huko huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe. Hakuna ndege mwingine wa matopeni anayechimba hivyo. Msimu wa kuzaa ukiisha, hushuka hadi pwani yetu, na Mida ni mojawapo ya mahali ambapo hukusanyika kwa wingi. Ukiwa kibandani, naye yuko mita mia moja au zaidi, anaendelea na mambo yake. Shuka matopeni umsogelee kwa simu mkononi, na kundi zima litaruka kabla hujafika nusu ya njia.

Kuruka huko kuna gharama. Katika kundi hilohilo huwamo kitwitwi mdogo mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, Calidris ferruginea, ambaye ana uzito wa gramu 60 hivi. Huyu huzaliana kaskazini kabisa mwa Siberia, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka hapa. Kuanzia mwezi wa tatu anakula mchana na usiku ili ajaze mafuta ya safari, na kila anaporushwa bila sababu anayachoma mafuta hayo. Mwaka 2024 Orodha Nyekundu ya IUCN ilimpandisha daraja hadi kwenye kundi la viumbe walio hatarini. Siwezi kumpotezea ndege wa aina hii nguvu zake kwa ajili ya picha. Na kwa skopu hakuna haja.

Najua wapo wanaopata picha nzuri kwa lenzi kubwa za kitaalamu, na nawaheshimu. Ndege anayeruka, kwa mfano, mwachie mwenye lenzi hizo. Skopu humpoteza mara moja. Lakini lenzi ya milimita 600 ya daraja la juu inauzwa zaidi ya dola 10,000, na kijana wa vijiji vya hapa, Dabaso au Gede, hatainunua. Skopu iliyotumika tayari inaweza kununuliwa na kikundi, na simu anayo mfukoni.

Sasa hesabu. Lenzi kuu ya simu nyingi ina upana wa kuona unaolingana na lenzi ya milimita 26 hivi. Iweke kwenye skopu iliyokuzwa mara 30, uzidishe: 26 mara 30 ni 780. Umepata nguvu ya lenzi ya milimita 780 kwa simu ileile unayopokelea M-Pesa. Ukipandisha skopu hadi mara 60 unapata 1,560, na hapo ndipo wengi hushawishika kuzungusha hadi mwisho. Mimi sizidi mara 40, na mara nyingi nabaki 25 au 30. Sababu yake utaiona mwenyewe kwa kipande cha karatasi.

Elekeza skopu kwenye anga nyeupe, si kwenye jua kamwe, kisha shika karatasi nyeupe nyuma ya kioo kile unachotazamia. Utaona duara dogo la mwanga limeanguka juu ya karatasi. Sogeza karatasi nyuma taratibu. Duara litapungua, litakuwa dogo na kali, kisha litaanza kupanuka tena na kufifia. Pale lilipokuwa dogo kabisa na kingo zake zimekatika sawasawa, kwa skopu nyingi ni kama sentimita moja na nusu hadi mbili kutoka kwenye kioo, ndipo jicho la kamera linapotakiwa kukaa. Likikaa mbele au nyuma ya hapo, au pembeni kwa milimita mbili, picha itakuwa na weusi unaoila kutoka kandoni. Weusi huo ndio unaowakatisha tamaa wanaoanza, wakadhani simu yao ni mbovu.

Upana wa duara hilo unaujua bila kupima: gawanya upana wa kioo cha mbele cha skopu kwa idadi ya mara unazokuza. Skopu yangu ina kioo cha milimita 80. Nikikuza mara 30, duara lina milimita 2.7, ambazo zinakaribiana na tundu la lenzi ya simu, kwa hiyo mwanga karibu wote unaingia. Nikikuza mara 60 duara linabaki milimita 1.3, na eneo lake ni robo ya lile la kwanza. Simu inapewa robo ya mwanga. Inajaribu kufidia kwa kufungua muda mrefu zaidi, ndege anatikisika kidogo, nawe unapata manyoya yaliyopakwa. Afadhali ndege mdogo kidogo aliye safi, ambaye utamkata na kumkuza baadaye, kuliko mkubwa asiye na jicho.

Kuishikilia simu kwa mkono mahali hapo padogo kunawezekana kwa picha moja mbili, kisha mkono unachoka. Unahitaji kishikizo. Viwandani wanatengeneza, kampuni za skopu kama Swarovski na Kowa zina vya kwao, na kuna vya bei nafuu vyenye kibanio kinachokubali simu ya aina yoyote. Hivyo vya bei nafuu vinafanya kazi, ila skurubu zake hulegea upesi, na kila ukibadilisha simu unaanza kutafuta katikati upya.

Chetu tulitengenezewa na fundi wa mabomba. Alichukua kipande cha bomba la plastiki la milimita 50, kirefu kama kidole gumba, akakijaribisha kwenye kioo cha skopu. Kilipwaya. Akakata utepe kutoka kwenye soli ya kandambili iliyochakaa, akaugandisha ndani ya bomba kwa gundi, na sasa bomba likasukumika kwa shida kidogo na kukaa bila kucheza. Upande wa pili akagandisha kava gumu la simu, lile la plastiki lisilopindika, akiwa amekwisha kulitoboa tundu lililolingana na jicho la kamera kuu. Kabla gundi haijashika tuliwasha kamera, tukaelekeza skopu kwenye ukuta mweupe, tukasogeza kava huku na huku mpaka weusi ukawa sawa pande zote, ndipo tukaliacha likauke usiku kucha. Ndani tulipaka rangi nyeusi isiyong'aa, maana plastiki nyeupe hurudisha mwanga na kuifanya picha ifubae. Nikifika kibandani naichomeka simu kwenye kava na kazi inaanza. Weusi mdogo unaobaki pembeni unaondoka ukivuta picha karibu kidogo tu kwenye simu, mara moja na nusu hivi.

Simu mpya zina macho matatu au manne nyuma, na hapa kuna mtego. Mwanga ukibadilika, simu huamua yenyewe kuhamia jicho jingine, na ghafla kioo kinakuwa cheusi kwa sababu jicho lile halikuelekezwa kwenye skopu. Tumia sehemu ya mipangilio ya kitaalamu ya kamera, au programu inayokuruhusu kuchagua lenzi moja na kuifunga. Halafu fokasi kwa gurudumu la skopu kwanza, ukiangalia jicho la ndege kwenye kioo cha simu, ndipo ubonyeze na kushikilia kidole juu ya ndege mpaka simu ifunge fokasi na mwanga. Kwa ndege mweupe, shusha mwanga kwa kidole. Simu huona matope meusi mengi, ikaangaza kila kitu, na mgongo na kifua cha ndege vikawa karatasi tupu isiyo na unyoya hata mmoja.

Usibonyeze kitufe kilicho kwenye kioo wakati wa kupiga. Kidole chako ni chepesi kwako, lakini skopu inayokuza mara 30 inakuza na mtikisiko mara 30. Tumia kipima muda cha sekunde mbili, au kirimoti kidogo kile kinachouzwa pamoja na vijiti vya kujipigia picha, au waya wa spika za masikioni wenye kitufe cha sauti. Kwenye simu nyingi kitufe hicho hupiga picha. Upepo wa kusi ukivuma, fupisha miguu ya stendi, kaa chini, tundika mfuko wa mchanga katikati yake. Stendi nyepesi ya plastiki, usipoteze fedha zako kuinunua. Ningelazimishwa kuchagua kati ya skopu nzuri yenye stendi mbovu na skopu ya wastani yenye stendi imara, ningechukua hiyo ya pili.

Wenye kamera za kubadilisha lenzi wanaweza nao, kwa lenzi fupi nyepesi au kwa kiunganishi maalumu kinachoigeuza skopu kuwa lenzi. Uzito wote unaenda nyuma na skopu inainamia upande mmoja, hivyo reli ya kusawazisha ni lazima. Kwa msomaji anayeanza sioni sababu ya kupita huko.

Kitu ambacho hakuna kifaa kitakachokitatua ni mazigazi. Jua likishapanda, joto linapanda kutoka kwenye mchanga na matope, hewa inacheza, na ndege aliye mita mia mbili anaonekana kana kwamba yuko chini ya maji yanayotiririka. Jicho lako linaweza kuvumilia na kumtambua, kamera haivumilii. Kufikia saa nne asubuhi siku ya jua kali, mimi huacha kupiga walio mbali na kubaki na walio karibu na mikoko.

Kwa hiyo saa ndiyo kila kitu, na saa ya Mida inawekwa na maji. Maji yakiwa yamekupwa kabisa, ndege wametawanyika mbali mno. Unataka wakati yanapojaa, kwa sababu maji yanawasukuma ndege hatua kwa hatua kuelekea kwako, wakila huku wakirudi nyuma, mpaka wanasimama kwenye kipande cha mwisho cha mchanga na kulala kwa mguu mmoja. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua, yaani maji makubwa, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne. Basi siku za bamvua fika saa saba unusu mchana uwe umeshatega, na picha zako bora utazipata kuanzia saa tisa, jua likilegea. Maji yakiwa mafu hujaa mnamo saa nne asubuhi, hivyo ukiingia kibandani saa kumi na mbili unayapata yakipanda pamoja na mwanga wa mapema, kabla ya mazigazi. Mimi napenda hizo siku za maji mafu. Maji hayapandi sana, mchanga hauzami wote, na ndege hawahami.

Picha zenyewe zina kazi zaidi ya kupendeza. Watafiti huwavisha ndege pete ya chuma mguuni, na wengine huongezewa vibendera vidogo vya plastiki vya rangi vyenye herufi na nambari. Kwa darubini ya shingoni unaona rangi. Kwa skopu na simu unasoma herufi. Piga picha nyingi mfululizo, au chukua video kisha simamisha pale ndege alipogeuza mguu. Hata nambari za pete ya chuma zinaweza kusomwa kwa kuunganisha picha kadhaa, kila moja ikionyesha upande wake. Kisha ndege huyo, ambaye hukumkamata wala kumrusha, anakwambia alikotoka.

Na ndege walio pichani huhesabika. Kinda wa mla kaa ana mgongo wa kijivu badala ya mweusi, na baada ya safari yote hiyo bado humfuata mzazi akidai chakula kwa miezi. Kundi likiwa limesimama, siwezi kuwahesabu wa kijivu kwa jicho, maana wanajificha nyuma ya miguu ya wenzao. Picha ikiwa kwenye kioo naikuza nyumbani, nawapitia mmoja mmoja, na najua kama mwaka huu walizaa vyema huko kaskazini.

Kuna mvuvi mmoja mzee hupita chini ya daraja na mtumbwi wake. Nilimwita siku moja, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Leo umenasa nini?" Nikamwinamishia simu: mla kaa wawili, mmoja mweusi mgongoni, mmoja wa kijivu, na kati yao kaa aliyebakiwa na miguu miwili. Akaishika kwa mikono yote miwili, maji yakimtiririka kwenye viwiko. "Huyu namjua tangu utotoni, tunagombania kaa," akasema. "Lakini kumbe huyu wa kijivu ni mwanawe! Mkubwa hivi na bado analishwa?" Kisha akanielekeza mahali wanapohamia bamvua kubwa ikiufunika mchanga wao, nyuma ya mikoko ya upande wa pili, mahali ambapo sikuwa nimepeleka skopu. Alikuwa akilijua hilo miaka yote, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Neno moja kuhusu kuitunza skopu: chumvi ya bahari huharibu vioo, kwa hiyo ukirudi puliza mchanga kwanza, futa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kamwe si kwa shati.

Ukimpata ndege mwenye pete, andika tarehe, mahali, na rangi za mguu wa kulia na wa kushoto, kisha ipeleke picha kwa Nature Kenya au kwa kitengo cha ndege cha Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Aliye Tanzania awatafute Nature Tanzania. Usiikate picha kabla ya kuituma, kwa sababu ndege wanaosimama kando yake nao ni taarifa. Na kama una skopu inayolala kabatini tangu ulipoinunua, iazimishe klabu ya mazingira ya shule iliyo karibu na ufuo wenu. Bomba, kandambili na kava la simu watavipata wenyewe.